Mukeka wa Zigzag Nilioukata

Jumapili, mwezi wa kumi na moja, saa tisa za mchana. Mvua tangu asubuhi, mutaa wetu wa Cimpunda, huku ku mulima, wote unateleza.

Ninapumua. Acha niandike hilo mbele ya yote: ninapumua. Juma mbili nzima nilikuwa ninavuta hewa nusu-nusu, kama mutu aliyefungwa kitenge ku kifua, na leo hewa inashuka mpaka chini. Wageni wamekwenda. Watoto wako kwa jirani. Bwana yangu anakoroma mu kiti, abakosti yake, ile koti isiyo na tai, bado imefungwa vifungo vyote. Mama mukwe, ni kusema mama yake huyu bwana, amelala mu kitanda changu, amevaa robe yangu ya kulalia, na pagne yake, kitenge chake kipya, iko mu beseni ndani ya maji ya violet, rangi ya zambarau.

Kaye yangu, daftari yangu, unajua ninakuandikia tu nikiwa na hasira ao nikiwa na aibu. Leo niko na furaha na mukono haujazoea. Basi nianze na aibu, maana furaha yenyewe imetoka humo.

Nilikata mukeka.

Si mukeka wowote. Nilikata mukeka wangu wa ndoa, ule niliopewa na mama mukwe siku nilipoingia mu nyumba ya mutoto wake, sasa miaka kumi na mbili. Mu familia yao, watu wa Mwenga, mama wa bwana arusi ndiye anayemusukia mukeka bibi arusi wa kwanza, kwa mikono yake mwenyewe. Bibi arusi huyo anautunza, na kila mwanamuke atakayeolewa na wadogo wa bwana yake atakuja kukalishwa juu ya mukeka ule ule, mbele ya wazazi wake. Asipokalishwa, hajapokelewa. Amekuja kutembea tu, na siku yoyote wanaweza kumwambia arudi kwao.

Na leo ndiyo ilikuwa siku ya Nabintu, binti wa mutaa wa Bagira, kuletwa na wazazi wake kwa Bulambo, shemeji yangu wa mwisho.

Sasa unaona nilivyokuwa nimejifunga.

Mukeka ulikuwa na zigzag nyeusi, musitari juu ya musitari, toka mwisho mpaka mwisho. Rangi ya chini ilikuwa ya majani makavu, na kwa miaka mingi ulikuwa umelainika mpaka unakunjika kama kitambaa. Ulikuwa unakaa juu ya kabati, umefungwa na kamba. Kila mara mama mukwe alipotoka Mwenga kutusalimia, alikuwa anainua kidole kuuonyesha, na maneno yalikuwa yale yale:

“Mukono yangu iko mu hii nyumba.”

Mimi niliyasikia kama sindano. Mimi ni mushonaji, ninajua masini, lakini kusuka sijui hata kifuniko cha chungu. Kila alipoonyesha kidole nilisikia: mukono wangu uko hapa, wako uko wapi?

Sasa zigzag yenyewe. Lazima niandike juu ya zigzag, maana bila ile homa nisingekata kitu.

Mwaka huu Bukavu imeshikwa. Kwanza ilikuja pagne yenye zigzag, na mamama wa soko la Nyawera, wale wanaobatiza kila pagne jina kabla haijashuka ku kamio, ku lori la mizigo, waliiita Ngomo, kwa sababu ya barabara ya kwenda Uvira inavyojikunja mu mulima wa Ngomo, kona juu ya kona, mpaka abiria wanatapika. Tangu hapo ni Ngomo kanisani, Ngomo ku kilio, Ngomo mu maandamano. Halafu zikaja triko za sufu za zigzag, maana baridi ya asubuhi hapa haina huruma. Baa ya pale chini ku barabara imepakwa zigzag nyekundu ku ukuta wote, na walevi wanasema inawasumbua kurudi nyumbani. Hata ubao wangu wa kazi! Nilimwita mupakaji afute jina langu, “Kwa Maman Espérance”, aandike “Kwa Mama Tumaini”, kwa kuwa serikali imekataza majina ya wazungu. Aliandika vizuri, halafu akaniongezea zigzag pembeni bila kuniuliza. Alisema ubao bila zigzag sasa hivi ni kama muchuzi bila chumvi.

Watu wanasema ndiyo authenticité, turudilie vitu vya wazee. Mimi nilikuwa ninacheka kimoyomoyo, kwa sababu nilidhani zigzag ni kitu cha wazungu. Niliijifunza ku foyer social, shule ya masista ya kushona, nikiwa binti, kwa sista mumoja mwenye rula ya mbao. Alituonyesha mu kitabu chake cha mishono. Jino moja la zigzag likipita lingine kwa urefu, alivuta uzi wote na wewe unaanza upya. Nililia machozi ya kweli juu ya zile zigzag. Kwangu mimi zigzag ilikuwa na harufu ya sabuni ya masista.

Halafu mu mwezi wa tatu bwana yangu alikuwa anachimba choo kipya nyuma ya nyumba, akatoa shingo ya chungu kilichovunjika. Kuizunguka, zigzag. Iliyochorwa ku udongo mubichi na kitu chenye ncha, na mutu ambaye hakuna anayemujua, kabla Cimpunda haijaitwa Cimpunda. Meno yake hayakuwa sawasawa hata kidogo, sista angeyavunja. Lakini ni zigzag ile ile. Nikakumbuka pia kikapo cha koko wangu, mama wa mama yangu, cha kufunikia maziwa. Ilikuwa pale, mbele ya macho yangu ya utoto, na sikuiona. Nilingoja muzungu anifundishe jina lake kwa Kifaransa.

Ile shingo ya chungu niliiweka ku dirisha. Nilijiona mutu mwenye akili. Miezi mitatu nyuma yake nikakata mukeka. Akili gani!

Ilikuwa hivi. Muke wa direktere mumoja, anakaa Muhumba kwa wakubwa, aliingia kwangu na Ngomo mupya mwilini. Alitaka sakoshi, mufuko wa mukononi, ya kufanana na pagne yake, ya mukeka, “ya kizee”, lakini laini, isimukwaruze mukono. Nilijaribu mikeka ya soko. Mipya ni migumu, ukikunja inavunjika kwenye pindo. Alikuwa anarudi siku ya tano. Siku ya ine nilikaa ku masini, nikainua macho, nikaangalia juu ya kabati.

Ningeweza kuandika hapa kwamba nilifanya kwa ajili ya watoto, ya viatu vya shule. Nilimwambia bwana yangu hivyo. Lakini wewe sitakudanganya. Nilipanda juu ya kiti, nikaushusha, nikaweka makasi, na sauti ya makasi ikaniingia tamu. Kila nilipokata nilisikia ile “mukono yangu, mukono yangu” ikinyamaza. Nilikata kwa hamu.

Zilitoka sakoshi saba. Ya kwanza ilikwenda Muhumba, na juma moja baadaye zingine sita zilikuwa zimekwenda, kwa mwalimu, kwa muke wa munganga, kwa binamu yake. Kikabaki kipande kimoja tu, upana wa muto wa kiti, ambacho sikuweza kutumia kwa sababu kilikuwa na kosa. Zigzag ilikuwa inapanda, inashuka, inapanda, halafu mahali pamoja ilikatika. Jino moja halikuwepo. Kulikuwa na nafasi tupu, sawa na kidole kimoja, kisha njia inaendelea. Hakuna citoyenne wa Bukavu, mwanamuke raia wa sasa, atakayebeba kosa ku mukono. Nilikitupa chini ya masini, nikawa ninakanyagia miguu ninapopedali.

Nilifurahi hata kwa lile kosa. Nilisema: kumbe na yeye anakosea!

Juma mbili zilizopita, Bulambo akaingia anacheka mpaka ku masikio. Wazazi wa Nabintu wamekubali, watakuja Jumapili ya juma lile lingine. Mama atashuka na kamio ya Mwenga siku ya Alhamisi. “Mama Riziki, utoe mukeka, uupige vumbi,” aliniambia. Riziki ni mutoto wangu wa kwanza.

Nilimwangalia yule kijana wa watu, na furaha yake yote, na nikaona nimemukata yeye pamoja na ule mukeka.

Ningesema siku ile. Najua. Mutu mwenye akili angesema siku ile.

Mimi nilikwenda Nyawera.

Nilizunguka siku tatu. Nikapata kwa mama mumoja mwenye sauti ya kuweza kukuuzisha hata vumbi la barabara, mukeka wa zigzag nyeusi, kipimo kile kile karibu. Aliapa ni wa Mwenga. Lakini mukeka wa jana unaufanyaje uwe wa miaka kumi na mbili? Niliutundika juu ya jiko la kuni siku mbili. Niliupaka mafuta ya ngazi, mawese, na kitambaa. Niliwalaza watoto juu yake, nikawaambia wacheze, warukeruke, na wao walidhani mama yao amekuwa muzuri ghafula. Usiku mumoja bwana yangu akauliza kwa nini nyumba inanuka samaki wa kukausha. Nikamwambia ni majirani.

Tena vidole vyangu vilikuwa vimepata rangi ya violet. Niliiona. Nilijiambia ni karatasi ya karbone ninayonakilia modeli zangu. Mutu akitaka kujidanganya, hakosi msaada.

Tegemeo langu lilikuwa macho ya mama mukwe. Yameingia ukungu tangu mwaka juzi, anajua mutu kwa sauti. Nilisema atakaa juu yake, hataona kitu, na Jumapili itapita. Na kweli, Alhamisi alifika amechoka, Ijumaa alikwenda kuona ndugu zake wa Kadutu, na mukeka hakuugusa. Nilikuwa nimeanza kuimba mu jikoni.

Jana, Jumamosi, alirudi kutoka kanisani amenyeshewa. Alikuwa amevaa pagne yake mupya, nyeupe yenye maua madogo ya njano, ile aliyoitafuta kwa ajili ya wageni. Akasema anisaidie kutoa maharagi mu maganda, na kwamba anataka kukaa ku mukeka wake kwanza, aone kama ungali muzima. Nikautandaza. Akakaa na pagne yake yenye maji, akachukua beseni ku magoti, na tukatoa maharagi karibu saa moja, tukiongea vizuri kama tulivyokuwa hatujaongea tangu zamani. Aliniuliza hata kuhusu kifua changu cha baridi.

Halafu akasimama kwenda kumwaga maganda.

Riziki alikuwa nyuma yake. Mutoto akafungua kinywa, akapiga kelele kwa furaha kabisa:

“Koko! Na weye umevaa Ngomo!”

Ku matako ya mama mukwe, juu ya pagne nyeupe, kulikuwa na zigzag. Nzuri, safi, violet, musitari juu ya musitari, kama imetoka ku kiwanda.

Bwana yangu alikuwa ku mulango. Aliangalia mama yake, akaniangalia mimi, akasema anakwenda kuona kama barabara ya Bagira inapitika. Akatoka mu mvua bila kofia. Huyo ndiye simba wa nyumba yangu.

Mama mukwe alizungusha pagne mbele, akaisogeza karibu na macho, akaigusa, akanusa kidole.

“Hii ni wino,” akasema. “Wino ya unga, ya watoto wa shule.”

Na ndivyo ilivyokuwa. Ule mama wa Nyawera alikuwa ametia majani rangi na wino ya kaye, na mimi nikaziba na mafuta, na maji ya mvua yakaja kufungua.

Halafu akafanya kitu ambacho sikukielewa. Alipiga magoti ku mukeka, akaanza kutembeza vidole juu ya zigzag, toka pembe moja, polepole, kama mutu anayetafuta sarafu mu majani. Alifika mwisho. Akarudi. Akauliza bila kuinua kichwa:

“Pa kutua iko wapi?”

Nilidhani anaumwa. Nikasema: “Mama, pa kutua nini?”

“Hii haiko mukeka yangu. Yangu iko na pa kutua. Ile ya kweli uliipeleka wapi, mama Riziki?”

Nikaanguka chini. Nilisema yote. Nilisema Muhumba, nilisema makasi, nilisema sakoshi saba, na kwa sababu nilikuwa nimekwisha kufunguka nikasema hata kwamba nilikata kwa hamu, na kwa nini. Riziki alisimama pale na maharagi mu mikono, nikasahau hata kumufukuza. Nilimwambia mama: unipige, uniite unavyotaka, lakini Bulambo hana kosa, usimurudishie wageni kwa sababu yangu.

Mvua ilikuwa inapiga mabati. Nilihesabu maisha yangu yote: bwana atanirudisha kwetu, Nabintu hatapokelewa, Bulambo hatanisemesha mpaka kufa.

Kisha mama mukwe akauliza, sauti ndogo:

“Na kile kipande chenye ile njia ilikatika, ulikiuzisha nacho?”

Nikasema hapana, hakuna aliyekitaka, kilikuwa na kosa.

“Lete.”

Nilikwenda kukitoa chini ya masini. Kilikuwa na vumbi na nyuzi na alama za miguu yangu. Niliona aibu kuliko ile ya kwanza. Nilikifuta ku sketi yangu, nikampa kwa mikono miwili. Vidole vyake vilikimbia moja kwa moja mpaka pale patupu, pale jino halipo, vikasimama.

Akalia. Halafu, na machozi bado yanashuka, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika tumbo, na zigzag zake za violet zikawa zinatikisika nyuma, na mimi sikujua nilie ao nicheke.

“Mama Riziki,” akasema, “miye sijue kusuka.”

Nilidhani sijasikia vizuri. Akarudilia. Hajui kusuka. Hajawahi kujua. Vidole vyake ni vya jembe, alisema, majani yanavunjika tu. Mu nyumba yao walikuwa wanawake wawili kwa bwana mumoja, na huyu mwenzake, Wabiwa, ndiye alikuwa fundi wa mikeka ambaye watu walitoka mbali kumutafuta. Walichukiana. Kwa miaka walipishana ku muto bila salamu. Lakini mutoto wake alipopata muchumba wa Bukavu, na huyo ni mimi, na siku ya mukeka ikakaribia, usingizi ulimutoka. Asubuhi moja alimufuata Wabiwa ku muto, akapiga magoti mu mawe, akamuomba.

Wabiwa alisuka. Alisuka kwa siri, mu nyumba ya dada yake, na hakuomba kitu. Alisema tu kwamba ataweka pa kutua, na asiulizwe.

Hapo ndipo mama mukwe alinielezea, na mimi ninaandika kama alivyosema. Mu milima yao, mwanamuke asiye na kitu ku mugongo anapanda moja kwa moja. Mwenye kubeba hawezi, atakufa, lazima aende upande huu, arudi upande ule. Kwa hiyo zigzag ile, wao hawaiiti nyoka wala Ngomo. Wanaiita njia ya mwenye muzigo. Wasukaji wote wanaisuka bila kukatika, ndiyo ufundi wao. Wabiwa peke yake alikuwa anakata mahali pamoja mu kila mukeka, ukubwa wa kidole. Alisema mwenye kubeba lazima apate pa kutua.

Na mimi nilikanyaga pale miezi yote na kuita kosa.

Siku ya ndoa yangu, watu walimusifu mama mukwe mpaka akaona haya. Wabiwa alikuwa amekaa pale pale, akapiga makofi kama wengine. Hakusema kwa mutu hata siku moja. Alikufa miaka mitano iliyopita, na mama mukwe hakuwahi kumwambia aksanti. Alikuwa anangoja siku nzuri. Ndiyo sababu, akaniambia, kila alipofika hapa alionyesha kidole juu ya kabati. Hakuwa ananichoma mimi. Alikuwa anaogopa. Alisema yale maneno haraka, mbele, ili mutu yeyote asije akamuuliza: mama, tuonyeshe basi unavyosuka. Na kwa Nabintu alishikilia mukeka ule ule, ule ule tu, kwa sababu mwingine hangeweza kuutoa popote.

Ee, miye masikini! Sisi wawili, kila mumoja na uongo wake ku mugongo, tumepishana mu nyumba hii miaka kumi na mbili bila kusalimiana kweli.

Niliinuka nikafanya chai. Tulikunywa na sukari nyingi. Bwana yangu alirudi amelowa kama kuku, akatukuta tunacheka, akarudi nyuma hatua moja. Mama yake akamwambia: “Ingia, mwanaume. Vita imekwisha.”

Leo asubuhi wageni wamefika, wazazi wa Nabintu na shangazi yake, na Bulambo mu abakosti ya kuazima ambayo mikono inamufika ku viwiko. Mukeka wa wino tuliukunja nyuma ya mulango. Mama mukwe alitandaza kipande kile kidogo mbele ya kila mutu, katikati ya chumba, na niliona mama wa Nabintu akiangalia mumewe: hiki ndicho mukeka wenu?

Mama mukwe hakukaa. Alisimama na akasema, kwa sauti ambayo hata jirani aliisikia:

“Mukeka hii miye sikuisuka. Mwenzangu Wabiwa ndiye aliisuka. Niliwadanganya watu, na leo ninaacha. Imebaki kidogo, lakini iko na pa kutua. Binti yangu, kuja ukae.”

Hakusema nani aliikata. Alipita pale kama anaruka dimbwi. Nilitaka kumushika miguu.

Nabintu akakaa. Kipande kilimutosha bila nafasi kubaki. Shangazi wa Bagira, mwanamuke mwenye ulimi mukali, akainama kuangalia, akasema na sisi kwetu tunaiweka hii ku vikapo, kumbe tulikuwa ndugu zamani na hamukutuambia. Watu wakacheka. Wakakula. Wakala hata ukoko wa ugali. Bulambo alikuwa anaangalia bibi arusi wake kama mutu anayeangalia mukate mu njaa.

Basi. Amepokelewa.

Kabla ya kulala, mama mukwe amenikataza kusugua ile pagne. Nilimwambia wino wa violet hautoki kirahisi, lakini nitajaribu na limau. Amesema niache. “Mu huu muji kila mutu ananunua Ngomo. Yangu nimeichapa miye mwenyewe na matako yangu. Nitaivaa Mwenga, waulize.”

Ninaandika na ninacheka peke yangu, na bwana yangu amefungua jicho moja, amelifunga.

Kitu kimoja kinanirudia. Miaka kumi na mbili niliogopa mikono ya mama mukwe, na ilikuwa mikono ya Wabiwa. Ninajaribu kukumbuka sura yake siku ya ndoa, kati ya wale waliopiga makofi, na siioni. Nilikuwa ninaangalia viatu vyangu vipya. Mwanamuke ule alikuwa hanijui. Alinisukia pa kutua, na alijua kwamba sitajua jina lake.

Nimeliandika sasa mara nyingi mu kaye hii, na kila mara ninalisoma kwa sauti: Wabiwa.

Kesho masini inaanza. Muke wa direktere ametuma mutu kwamba anataka sakoshi ya pili, ya dada yake, na zigzag iwe sawasawa, bila kosa. Mukeka wa wino nimekwisha kuufua maji matatu, utakauka, na mafuta yamekwisha kuulainisha. Nitamushonea. Zigzag nitaipitisha na uzi mweusi juu yote, jino kwa jino, kama sista alivyonifundisha, na mahali pamoja, ukubwa wa kidole, nitaikata.

Akiita ni kosa, nitamwambia abebe kwanza muzigo apande nao mpaka hapa Cimpunda, halafu aje tuongee.